Nusu ya Pili ya Bwana Komeo

Kijiwe chetu hakina benchi. Kina vitanda vitatu vya kuotea jua, vile vya plastiki nyeupe vyenye mgongo wa kupandisha na kushusha, ambavyo wazungu walikuwa wakivilalia kando ya bwawa la kuogelea. Hoteli ilipofungwa mwaka jana kwa kukosa wageni, kila mfanyakazi aliambiwa abebe kitu, na Mulinge, mhudumu wa vyumba kwa miaka kumi na mmoja, akavisukuma vitanda vitatu kwa mkokoteni kutoka Diani mpaka hapa Ukunda, akavipanga mbele ya chumba chake cha kupanga, upande wa kivuli. Mimi nikasogeza jiko langu na dele langu la kahawa. Tangu siku hiyo watu wanakunywa kahawa yangu wamelala chali, jambo nililolipinga na nitaendelea kulipinga, kwa sababu mtu aliyelala haagizi kikombe cha pili, anasinzia. Jina langu Boga. Nilipewa kwa umbo na sijalikataa.

Kitanda cha kwanza ni cha Shutu, tunayemwita Karani. Aliandika maneno ya washtakiwa kwenye mahakama ya Kwale miaka ishirini na minane, na mpaka leo anaongea polepole utadhani anasubiri wino ukauke. Cha pili ni cha Rai, yaani Kapteni, anayewauzia wageni safari za Mkwiro na Wasini kwa boti asiyokuwa nayo. Cha tatu, kinachogusana na pazia la mlango wa Mulinge, ni cha Chande, mkata mawe wa timboni, ambaye hatukumpa jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha. Mulinge mwenyewe ni Batamaji. Hotelini alikuwa akikunja taulo mpaka zinakuwa batamaji, na hata sasa akiwaza, mkono wake hukunja leso, karatasi, chochote kilicho karibu. Yeye huketi kwenye kigoda, maana ndiye msomaji wetu.

Kitabu kiko kwa Kiingereza, anakigeuza Kiswahili palepale, kurasa nne au tano kila alasiri, tangu Idi ilipopita. Amekivika gamba la karatasi ya kaki, kama daftari la shule. Ni habari za mji fulani wa nchi ya theluji, una daraja na lango, na lango lina mlinzi. Jina la mlinzi lilitushinda, tukamwita Bwana Komeo, kwa sababu kazi yake ni kuinua komeo la lango asubuhi na kulishusha jioni. Basi maadui walimwendea wakamwambia: tufungulie, tutawatisha tu watu wa ng'ambo ya mto wahame, hakuna atakayeguswa. Akainua komeo. Wakaingia wakachoma nyumba. Na Bwana Komeo, alipouona moto, akakimbia akamtoa jirani yake mmoja na familia yake, akawaficha chini ya sakafu siku tatu, akawalisha mkate wake mwenyewe. Mji wote unamwita shujaa. Jirani hajui komeo liliinuliwa na nani. Sisi tunajua.

Tumempenda mtu huyu mpaka ni aibu. Rai alikataa kwenda ufukweni siku mbili kwa ajili yake. Mimi nimewahi kuunguza kahawa.

Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa na joto la kaskazi, lile linalonyamazisha hata kunguru. Mulinge alichelewa kufungua kitabu kwa sababu mkewe, Kavindu, alikuwa amefika asubuhi kwa basi kutoka mji wa Wote, huko bara. Hakuwahi kuja pwani. Miaka yote alibaki shambani na watoto, kama wake wengi wa watu wa hoteli. Alinipa salamu zake kwa adabu, akaingia ndani kulala kidogo, na pazia likashushwa.

— Amekuja kwa ajili yako, Chande, Mulinge alisema.

— Mimi?

— Amesema harudi bara mpaka akuone kwa macho. Amekuletea ndengu, asali, na kiondo alichokisuka mwenyewe. Mkanda wake wa ngozi ameushona shemeji yangu, Muthoka.

— Muthoka anashona? Rai aliuliza.

— Kwa mkono mmoja. Ngozi anaibana kwa goti.

Chande aliugeukia ukuta.

— Ya nini kusumbuka hivyo, alisema.

— Wewe ndiye wa kuuliza? Siku tatu ulinificha timboni, chini ya makuti, ukiniletea muhogo na maji ya kunywa. Watoto wangu wanalitaja jina lako wakiomba chakula kibarikiwe. Kiondo ni kidogo sana.

Hapa sina budi kueleza, ingawa kijiweni hatuelezi. Kuna jambo tunaliita Agosti, basi, hatuongezi neno. Ni Agosti ya mwaka tisini na saba, watu wa bara walipochomewa nyumba na kupigwa. Mulinge alikuwa chumba cha pili katika ile safu ya vyumba karibu na timbo, akatolewa na Chande. Muthoka, ndugu yake Kavindu, alikuwa chumba cha tano. Huyo hakuna aliyemficha. Alirudi kwao na mkono ambao vidole vyake havikunjiki.

— Soma, bwana, Shutu alisema, maana yeye hapendi kimya kisichoandikwa. — Jana tuliacha familia ya jirani imerudi mjini.

Mulinge akasoma. Familia ilivuka daraja. Theluji ilikuwa inaanguka, na mji ulikuwa kimya, na madirisha yalikuwa na taa. Rai aliuliza theluji inafananaje, Mulinge akasema hajui, Rai akajijibu mwenyewe kwamba ni ile barafu wanayowekea samaki Msambweni, ila inatoka juu. Tukaiona hivyo. Upepo ulipitia kwenye mivinje ya barabarani, Shutu alifumba macho, na mimi nilisahau kwamba niko Ukunda na nina deni la kutia mkaa jikoni. Wakafika kwenye nyumba ya Bwana Komeo. Yeye yuko ndani, amekaa, anazisikia hatua zao. Mke wa jirani akainua mkono, akagonga mlango. Mara moja. Mara mbili.

Mulinge akafunga kitabu.

— Endelea, Chande alisema.

— Kimekwisha.

— Hakijakwisha. Amegonga.

— Kimekwisha, Chande. Tazama.

Akakivua lile gamba la kaki, na sote tukainuka kwenye vitanda. Kitabu kilikuwa nusu. Mgongo wake ulikuwa umepasuliwa kutoka juu mpaka chini, gundi inaonekana.

— Walikuwa mume na mke, Mulinge alisema. — Chumba mia mbili na kumi na nne. Walikuja na kitabu kimoja na wote wawili wanakitaka. Mke alikuwa msomaji wa mbio. Alipofika katikati alikipasua palepale bwawani, akampa mume nusu aliyoimaliza, yeye akaendelea na ya pili. Hii ya mume niliiokota chini ya kitanda walipoondoka.

— Na ya pili?

— Ilikwenda na mwenyewe.

— Kwa hiyo mwezi mzima umetulisha nusu mtu, Rai alisema.

— Ndiyo sababu nilikuwa nasoma kurasa nne tu. Nilikuwa naogopa siku hii.

Shutu aliinua kidole, kama alivyozoea kuinua mbele ya hakimu.

— Nina pingamizi kabla hatujafika mbali. Yule mwanamke amegonga bila kupiga hodi.

— Kwao hakuna hodi, Karani.

— Hakuna hodi? Mtu wa heri hupiga hodi. Hodi tatu, zisipojibiwa anakwenda zake, hakuna lawama. Anayegonga kwa ngumi ni polisi.

— Wanagonga tu.

— Na wa ndani anajuaje ni nani?

— Hajui. Anafungua ndiyo ajue.

— Basi ndiyo maana wanaandika vitabu vinene, Shutu alisema, akajilaza tena. — Neno moja lingewamalizia.

Nikamimina kahawa. Mulinge alikuwa ameshaanza kukunja lile gamba la kaki, shingo ya bata ikaanza kutokea.

— Mimi nawauliza, alisema. — Kwa nini tumempenda huyu? Novemba niliwasomea kile cha daktari mwema, aliyetibu maskini bure kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mlilala.

— Mimi sikulala, Rai alisema.

— Ulikoroma.

— Kwa sababu mtu mwema hana hadithi, Batamaji. Anaamka, anasaidia watu, anarudi kulala. Mwandishi atakula nini? Mimi nimejifunza ufukweni. Nikimwambia mgeni kwamba Mkwiro kuna wavuvi wapole, ananipita. Nikimwambia kuna mzee mmoja Mkwiro, mpole sana, lakini siku moja alitenda jambo ambalo mpaka leo halisemi, ananiuliza boti inaondoka saa ngapi.

— Na haiondoki, nilisema.

— Boti ni mambo mengine, Boga. Tunazungumzia fasihi.

— Mimi nitawaambia la mahakamani, Shutu alisema, macho yamefumbwa. — Miaka ishirini na minane sikuwahi kuandika maneno ya mwizi wa kutwa. Mwizi huiba dakika kumi. Saa zote zilizobaki ni baba wa watu, anapeleka mtoto kliniki, anagombania zamu yake kisimani kwa haki kabisa. Hakimu anazitaka zile dakika kumi peke yake. Kitabu kinakupa na saa zilizobaki. Ndiyo maana kule nilikuwa nasinzia na hapa silali.

— Unalala.

— Nafumba macho. Kuna tofauti.

Rai alitaka kulifananisha jambo lote na kahawa chungu na kashata, nikamkatiza. Kila mteja wangu tangu nianze kazi hii amekifananisha kitu fulani na kahawa na kashata, nimechoka. Akaja na lingine.

— Basi ni vitanda, alisema.

— Vitanda vimefanya nini?

— Vimelaliwa na wasomaji miaka kumi. Kila mgeni na kitabu chake kifuani, jua likamchukua, kitabu wazi. Zile hadithi zilikwenda wapi? Zimeingia kwenye plastiki. Sisi tunalala juu yake, zinatupanda mgongoni. Ndiyo maana nikitoka hapa naota watu nisiowajua wanavuka madaraja.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa, kwa sababu mimi nilijaribu. Siku moja walipokuwa wameondoka wote nililala kwenye kitanda cha Chande dakika chache, mtu mzima mimi, dele likiwa limepoa. Nikaota theluji inaanguka kwenye barabara ya Diani, inajaa kwenye vikombe vyangu, na watu tisa wamekaa wananisubiri niwamiminie. Niliamka nimelowa jasho.

— Mimi naona kuna kubwa zaidi, Rai alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, si ile ya kuuzia wageni. — Huenda na sisi tumo. Huenda sasa hivi, huko kwenye theluji, wamekaa watu wanne na mmoja anawasomea: kulikuwa na wanaume huko Ukunda, wamelala kwenye vitanda vya hoteli iliyokufa, wanakunywa kahawa. Na wao wanauliza upepo wa kaskazi unafananaje, na hakuna anayejua.

Kwa kweli ilikuwa tamu, kuwaza kwamba mtu anatusoma.

— Na wamempenda nani kati yetu? Shutu aliuliza.

— Mimi, Rai alisema. — Nina boti ambayo haipo. Nani asinipende.

— Hao wanaotusoma, Chande alisema, na sote tukageuka, — wanajua yote?

— Msomaji huambiwa yote, ndugu yangu.

— Hata ambayo wenzake kitabuni hawayajui?

— Hayo ndiyo anayoyajua zaidi.

Chande alikaa kitako. Mikono yake, ambayo ina vumbi jeupe la mawe lisilotoka hata kwa sabuni, aliiweka juu ya magoti.

— Na wanaendelea kumpenda, akasema. Hakuwa anauliza.

Sasa nitasema na mimi, maana nimefika pasipo na pa kupitia. Siku moja kabla ya Agosti yetu kuanza, wakati huo nikiuza kahawa kule karibu na timbo, walikuja wanaume tisa nisiowajua. Waliketi, wakaagiza. Chande alikuwa amepumzika pale na tindo yake ya kuchongea mawe. Mmoja akamuuliza kwa upole, kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, vyumba vya watu wa bara ni vipi. Chande akauliza kuna nini. Yule akasema tutawatisha tu wahame, hakuna atakayeguswa. Chande akaonyesha kwa ile tindo: kile, na cha pili, na cha tano. Mimi nilikuwa namimina. Nilisikia kila neno na sikumwaga hata tone. Waliniaga vizuri, na jua lilipozama sikwenda kumwambia mtu yeyote chochote. Yeye walau alikimbia akamtoa mmoja. Hatujawahi kulitaja jambo hili, yeye na mimi, mwaka na nusu sasa, na ananunua kahawa yangu kila siku.

Mulinge alikuwa amemaliza bata wake wa karatasi ya kaki. Alimweka juu ya kile kitabu nusu.

— Mimi sidhani kama tunampenda, alisema. — Nimewaza sana, nikiwa peke yangu humo chumbani. Mtu mbaya moja kwa moja simwazi, nikimwona nitamkimbia. Mtu mwema moja kwa moja nitamshukuru, yamekwisha. Huyu Bwana Komeo simalizani naye. Nalala naye, naamka naye. Nadhani tunamsubiri. Tunataka kuona kama atafungua mwenyewe.

— Asipofungua? Rai aliuliza.

— Basi watasukuma mlango, au wataondoka. Lakini hapo haitakuwa tena hadithi yake, itakuwa ya hao walio nje.

— Hilo ningeliandika, Shutu alisema.

Nilimtazama Mulinge nione kama anamtazama Chande. Hakuwa anamtazama. Alikuwa akimnyoosha bata shingo kwa kidole, taratibu, na sikuweza kujua, wallahi sijui mpaka leo, kama mtu huyu alikiokota kitabu kile kwa bahati tu au alichagua kutusomea hicho akaacha vingine.

Ndani tulisikia kitanda kikilia, na hatua za mtu anayetafuta viatu vyake. Kavindu alikuwa ameamka.

Chande alishusha miguu chini. Alivaa ndala zake, moja kisha nyingine, akasimama, na nikafikiri anaondoka. Wengi wetu tungeondoka. Badala yake akapiga hatua mbili mpaka kwenye pazia. Lilikuwa la maua ya njano, linacheza kwa upepo. Angeweza kulisogeza kwa kidole.

— Hodi, alisema.

Hatua za ndani zikasimama.

— Hodi, alisema tena, na sauti ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

— Nani? Kavindu aliuliza.

Hilo tu aliuliza. Ni swali linaloulizwa kila siku kwenye kila mlango wa Kwale nzima, na jibu lake kila mtoto analo: ni mimi, unataja jina, unakaribishwa. Angesema Chande, pazia lingefunguka, na kiondo kingetoka, na asali, na machozi ya shukrani ya mama wa watu, na ule mkanda uliobanwa kwa goti. Chande akashika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

Rai akataka kumsaidia, akainuka kumjibia. Mulinge akamshika mkono, akamkalisha chini. Shutu alikuwa amefumbua macho yote mawili.

Nilishika dele nimimine, ili mikono yangu iwe na kazi. Lilikuwa tupu. Nikaliweka chini. Nikajifuta viganja kwenye shuka niliyojifunga, nikapita kati ya vitanda, nikaenda nikasimama karibu na Chande, bega kwa bega, mbele ya lile pazia. Aliniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza tangu tulipokuwa timboni.

— Nani hapo? Kavindu aliuliza tena, na mkono wake ulikuwa umeshashika pazia.